Mji, Pindo na Mkanda: Kanga za Kariakoo na Filamu Isiyo na Sura

Iko aina ya filamu ambayo mtazamaji wa pwani, akiionyeshwa kwa mara ya kwanza, huenda akauliza katikati yake: "Sasa itaanza lini?" Haina mtu, haina mnyama, haina nyumba wala njia. Ina mistari inayonyooka na kupinda, madoa yanayofura na kusinyaa, rangi zinazofukuzana kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi wa pili, na aghalabu muziki unaoziongoza. Sanaa ya kuipa michoro uhai na mwendo huitwa uhuishaji. Pale ambapo mchoro wenyewe hauigi umbo la kitu chochote kilichopo duniani, yafaa kuuita uhuishaji dhahania. Katika historia ya sinema ya majaribio, hili ndilo tawi lenye sifa ya kuwa gumu, baridi na la wachache. Wengi huliona kuwa jambo la Ulaya na Marekani, lisilo na mzizi wala msamiati katika Afrika Mashariki.

Sifa hiyo haina budi kuhojiwa. Hakuna filamu mashuhuri ya uhuishaji dhahania iliyotengenezwa Dar es Salaam, na si haki kuizusha isiyokuwapo. Lakini jicho linalohitajika ili kuipokea filamu ya namna hiyo limelelewa siku nyingi katika maduka ya nguo yanayoanzia upande wa Mnazi Mmoja, yakafuata Mtaa wa Uhuru na kuzama katika vichochoro vya Kariakoo. Mama anayesimama mbele ya rundo la kanga, akakataa doti kumi na kuchagua ya kumi na moja, amekwisha kuhukumu mpangilio wa rangi, uzito wa madoa na kasi ya mistari. Hukumu hiyo hiyo ndiyo ambayo wahakiki wa sinema ya majaribio huiandikia vitabu.

Kutoka Berlin hadi mkanda usio na kamera

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1921 Walther Ruttmann alionyesha nchini Ujerumani filamu yake Lichtspiel Opus I, iliyotiwa rangi na kutungiwa muziki wake maalumu na Max Butting. Viking Eggeling, mchoraji kutoka Sweden, alimaliza Symphonie Diagonale mnamo 1924. Ni mistari myeupe juu ya weusi, inayokua na kupungua kama vidole juu ya kinanda. Filamu hiyo ilionyeshwa hadharani Berlin mwezi Mei 1925, na siku chache baadaye Eggeling akafariki dunia. Majina ya filamu za wakati huo, yenye maneno kama simfonia na ridhimu, yanatosha kuonyesha kuwa mabwana hawa hawakutaka kusimulia. Walitaka macho yasikie.

Aliyeleta mageuzi makubwa zaidi ni Len Lye, aliyezaliwa New Zealand mwaka 1901. Kabla ya kufika London aliishi Samoa, na alizichunguza kwa makini sanaa za watu wa Pasifiki na za wenyeji wa Australia. Filamu yake ya kwanza, Tusalava ya 1929, ina jina la Kisamoa. Hata huko London, alipokuwa bado hajajulikana, alitengeneza vitambaa vya batiki. Ilipofika miaka ya 1930 hakuwa na fedha za kamera. Akachukua mkanda mtupu wa filamu na kuupaka rangi moja kwa moja, kwa brashi, kwa kitana na kwa violezo. Mwaka 1935 akatoa A Colour Box, filamu ya dakika chache iliyotengenezwa bila kamera kwa ajili ya kitengo cha filamu cha Posta ya Uingereza. Rangi zinacheza juu ya muziki wa dansi wa Kikuba. Kuelekea mwisho yanajitokeza maneno: tangazo la kupungua kwa gharama za kutuma vifurushi.

Norman McLaren, Mskoti aliyehamia Kanada, alianza vivyo hivyo. Alipokuwa mwanafunzi wa sanaa mjini Glasgow alikwangua mikanda mikuukuu ili apate mahali pa kuchorea. Mwaka 1949 yeye na Evelyn Lambart walikamilisha Begone Dull Care kwa muziki wa Oscar Peterson na wenziwe. Sehemu kubwa ya filamu hiyo haikuchorwa picha mojamoja. Waliutandaza mkanda mrefu kama kitambaa, wakaupaka rangi kwa urefu wake bila kujali mipaka ya fremu, wakaacha projekta iukate mchoro huo vipande 24 kwa kila sekunde.

Hapo ndipo mlango wa Kariakoo unapofunguka. Mafundi hao wawili, kila mmoja kwa njia yake, waliifikia filamu kwa kuutendea mkanda kama mtu wa nguo anavyoitendea nguo: kuutandaza, kuupaka, kuuchapa kwa kiolezo, kuuacha ukauke.

Nguo iliyoungwa kama filamu

Kariakoo ilipata jina lake kwa matamshi ya Kiswahili ya kile kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Jengo la soko lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki, likafunguliwa katikati ya miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopangwa safu kwa safu, umbo moja likijirudia hadi likawa pambo. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliharibu vibaya. Hata hivyo picha iliyobaki vichwani mwa wakazi wa jiji ni ya miavuli ile inayojirudia. Aliyetaka kuijua sheria ya kwanza ya sanaa dhahania, kwamba umbo likirudiwa huacha kuwa kitu na kuwa mapigo, aliweza kuisoma akiwa na kikapu cha nyanya mkononi.

Ama kanga, hiyo ni sheria hiyo hiyo juu ya pamba. Kila msomaji wa pwani anajua sehemu zake: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapwa upande wa chini wa mji. Husimuliwa kuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mraba zilizouzwa zikiwa zimeungana, wakakata sita, wakazishona tatu juu na tatu chini kuwa nguo moja. Kabla ya mfanyabiashara yeyote kuagiza kanga nzima kutoka kiwandani, mwanamke alikuwa tayari ameketi na sindano akiunganisha picha za mraba, zinazofanana lakini si sawasawa, ili ziwe kitu kimoja chenye mwendo. Katika sinema kazi hiyo huitwa uhariri.

Hesabu nayo ina lake la kusema. Mkanda wa milimita 35 hupita katika projekta kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, na sekunde moja hula kiasi cha sentimita 46 za mkanda. Doti ya kanga isiyokatwa ina urefu unaokaribia mita 3. Mkanda wa urefu huo ungekwisha kwa sekunde zisizotimia 7. Lakini doti huvaliwa miaka. Kwa sababu hiyo mchoraji wa kanga ana mzigo ambao Lye hakuwa nao, wa kutunga sekunde 7 ambazo macho hayatazichoka kwa muda wa miaka 7.

Uchapaji wa kiwandani umeusogeza ujamaa huu karibu zaidi. Kanga za mwanzo zilichapwa kwa mihuri ya mbao iliyogongwa kwa mkono. Baadaye kazi ilihamia kwenye rola katika viwanda vya Ulaya, India na Japani. Baada ya Uhuru ikafanyika pia nchini, hususan katika kiwanda cha Urafiki kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Mashine ya rola hulivuta jora refu mbele ya silinda iliyochongwa, na kila mzunguko unaacha picha moja. Projekta huuvuta mkanda mrefu mbele ya taa, na kila kituo kinaacha picha moja. Mashine hizi mbili ni ndugu wa enzi moja ya viwanda, na zote mbili zinaishi kwa kurudia.

Tena muuzaji wa Kariakoo ana projekta yake mkononi. Kanga zikiwa zimekunjwa na kupangwa kwa wima, mnunuzi akitaka kuona zilizopo, muuzaji hupitisha kidole gumba juu ya kunjo zake kwa kasi, na pindo hufuata pindo: nyekundu, manjano, buluu, nyeusi, nyekundu tena. Kwa nukta chache rundo zima huwa kitu kimoja kinachokwenda. Hivyo ndivyo kilivyofanya kazi kile kijitabu cha kupekua ambacho wanahistoria wa sinema hukihesabu miongoni mwa mababu wa filamu. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyekusudia kuonyesha sinema. Anachotaka muuzaji ni kufunga biashara.

Pingamizi la mwendo

Mtu makini atapinga. Atasema kwamba kanga, hata ikipendeza namna gani, imesimama, ilhali filamu ni wakati. Kuliita pambo "filamu" ni kucheza na maneno. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Filamu humpangia mtazamaji muda: Eggeling ndiye aamuaye mstari utoke lini, na aliyeketi kitini hana la kufanya ila kungoja. Kanga haina mamlaka hayo.

Lakini ni makosa kudhani kwamba kanga imekusudiwa kutazamwa ikiwa imetundikwa ukutani. Mji wake huwekwa ili ukae mgongoni au kiunoni, na pindo lake ili liukate mwili kwa mstari wa wima au wa mshazari. Mvaaji akitembea, mkunjo hulifunika doa na kulifunua, na mstari ulionyooka dukani huvunjika kwenye nyonga na kuungana tena. Katika msafara wa harusi, wanawake ishirini waliovaa sare hufanya kile ambacho filamu hukifanya kwa mkanda, kwani pambo lile lile huonekana mara ishirini, kila mara likiwa na tofauti ndogo ya pembe na ya wakati. Aliyetazama ngoma ya wanawake kutoka barazani ameona maumbo yakijibizana kwa namna ambayo Oskar Fischinger aliitafuta kwa miaka mingi katika chumba chake cha kazi. Tofauti ni kwamba katika filamu wakati uko mikononi mwa mtunzi, na katika kanga uko mwilini mwa mvaaji. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo inayofanya ulinganisho uwe na faida. Kama siku moja atatokea mtu wa Kariakoo atakayetengeneza filamu dhahania, tatizo lake la kwanza halitakuwa kupata maumbo. Maumbo yapo tele. Tatizo litakuwa kumnyang'anya mvaaji wakati na kuushika yeye mwenyewe, bila kuupoteza ule mwendo wa nyonga.

Pingamizi la maneno

La pili ni jina. Yawezekanaje kitu chenye maneno kiitwe dhahania? Kanga husema. Husuta, hupongeza, huomba radhi, hutongoza. Wanazuoni wengi walioiandikia kanga wameshughulika na jina lake na kuupita mji wake kama anayepita ukumbi kwenda chumbani.

Jibu lipo katika A Colour Box yenyewe. Ile ambayo vitabu vyote vya sinema huitaja kuwa kilele cha uhuishaji dhahania ni tangazo la Posta! Rangi zinacheza na kucheza, kisha linakuja neno moja la kazi, na hakuna mhakiki aliyeitoa katika orodha kwa sababu ya neno hilo. Neno lile halielezi rangi, wala rangi hazilichori neno. Vimekaa pamoja kama wapangaji wa nyumba moja. Vivyo hivyo kanga. Mji wa mistari ya mawimbi unaweza kubeba jina la kusuta, na mwaka unaofuata mji ule ule ukabeba dua. Mnunuzi hukubali mara zote mbili, kwa kuwa anajua kuwa jicho lake linanunua kimoja na ulimi wake unanunua kingine.

Ni kweli pia kwamba si kila kanga ni dhahania. Zipo za mikorosho, za mananasi na za majogoo. Zipo za kumbukumbu zenye sura za viongozi. Lakini korosho ikichapwa mara arubaini mjini haibaki korosho. Inakuwa mkunjo, kisha pigo. Na ushahidi mkubwa kuliko wote ni kisutu. Kanga hii ya harusi, yenye wekundu, weusi na weupe, kwa asili yake haina jina kabisa. Mahali ambapo jamii ilikuwa na jambo zito zaidi la kusema, haikusema. Ilimfunika bibi harusi kwa vijumba na vitone vinavyojirudia, na kila mtu akaelewa. Kwa hakika, hoja nzima ya sanaa dhahania, kwamba mpangilio pekee unaweza kubeba maana bila sura na bila maneno, pwani ya Waswahili imeitekeleza kwenye mabega ya maharusi wake.

Mizani kabla ya maana

Kwa wapenzi wa mashairi hoja hii ina upande unaowagusa zaidi. Mtazamaji anayeuliza "inahusu nini?" mbele ya mistari ya Eggeling huwa amesahau kwamba yeye mwenyewe hupokea kila siku sanaa ambayo umbo lake hutangulia maana. Shairi la tathlitha au la tarbia, kabla ya kusema lolote, limekwisha kuahidi: mizani 8 katika ukwapi, mizani 8 katika utao, kina cha kati, kina cha mwisho, na kituo kitakachorudi. Msikilizaji anayekaa mbali, asiyeyapata maneno vizuri, bado hutikisa kichwa mahali panapostahili. Anatikisa kichwa kwa lipi? Kwa mpangilio. Utenzi nao, kwa mizani yake 8 na kina cha bahari kinachorejea kila mwisho wa ubeti, ni pindo refu linaloshona beti mia moja kuwa nguo moja.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Meya wa Dar es Salaam, alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa akitetea mpangilio huo. Katika miaka ya 1970, mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi na vita vya wanamapokeo na wanamabadiliko vikapamba moto, wengi walilitafsiri jambo lile kuwa la ukale kushindana na usasa. Wanamapokeo wakaonekana wazee, na wanamabadiliko wakaonekana jamaa wa sanaa mpya za dunia. Likitazamwa kutoka upande wa filamu dhahania, jambo hilo linageuka juu chini. Walioviondoa vina na mizani walifanya hivyo aghalabu ili fikra itembee huru, isibanwe na umbo. Walikuwa upande wa maana. Waliovishikilia vina walisema kwamba shairi bila urari wake si shairi hata likiwa na fikra nzito. Hao ndio waliosema, kwa lugha yao, yale waliyosema Ruttmann na Fischinger: ridhimu si chombo cha kubebea kisa, ridhimu ni kisa chenyewe. Filamu isiyo na sura, ikifika pwani, itapata rafiki yake wa kwanza kwa mlinzi wa vina.

Ulinganisho huu una mpaka. Hakuna mwanamapokeo aliyewahi kukubali shairi lenye vina na mizani lakini lisilo na neno la maana. Lingeitwa upuuzi, na kwa haki. Kwa lugha, umbo tupu halitoshi. Kwa jicho, kisutu kimeonyesha kuwa linatosha. Hapo ndipo sanaa hizi mbili zinapoagana, na ni vyema ziagane kwa heshima.

Kwa nini haijazaliwa

Ikiwa jicho lipo, msamiati upo na arudhi ipo, kwa nini filamu yenyewe haipo? Jibu linalotolewa haraka ni umaskini. Jibu hilo halisimami. Lye na McLaren walichora juu ya mkanda kwa sababu hawakuwa na kitu. Uhuishaji dhahania ni sinema ya asiye na kamera, na leo simu ya mkononi inatosha kuutengeneza.

Sababu ya kweli ni funzo. Tangu serikali ya kikoloni ilipofanya majaribio ya filamu za elimu huko Vugiri, Tanganyika, katika miaka ya 1930, sinema katika nchi hizi imepewa kazi ya mwalimu. Uhuishaji umerithi kazi hiyo. Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam, imewafundisha watoto hesabu kwa ustadi ambao hauna haja ya kutetewa. Lakini kila pembetatu inayoonekana humo lazima iwe jibu la swali. Mfano wenye kusikitisha zaidi ni Tinga Tinga Tales, iliyotoka mwaka 2010 na kuhuishwa Nairobi kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga. Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za mng'aro juu ya mbao za mraba, na mwenye macho aliona kwamba chui wake alikuwa kisingizio tu cha madoa. Laiti madoa yale yangeachiliwa! Katika filamu zile yamebaki yamefungwa mwilini mwa mnyama anayeeleza kwa nini shingo yake ni ndefu. Rangi ni za Tingatinga, mwendo ni wa katuni ya kawaida. Nafasi ilikuwapo ya doa kumtoroka chui, likapita.

Ng'endo Mukii wa Kenya, katika Yellow Fever ya 2012, na Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, katika The End of Eating Everything ya 2013, wamekwenda mbali zaidi. Kwao ngozi na mwili huanza kuyeyuka kuwa rangi na umbile. Lakini wote wawili wana hoja ya kusema, na hoja inapofika rangi hurudi kazini. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na mama yake akiwa mbunifu wa vitambaa, amekaribia zaidi kwa njia nyingine. Katika kazi zake zilizotokana na kanga, mji, pindo na jina vimepewa heshima ya mchoro mkubwa, na tuzo ya Turner ya mwaka 2017 imewalazimisha Waingereza kuitazama heshima hiyo. Kilichobaki ni mwendo.

Si Afrika Mashariki pekee yenye kuiogopa picha isiyofundisha. Fischinger alipohamia Marekani mwaka 1936, aliajiriwa na kampuni ya Disney kwa ajili ya Fantasia, iliyotoka mwaka 1940. Michoro yake ikabadilishwa ili ifanane na vitu vinavyotambulika, naye akaacha kazi. Soko lilitaka wingu liwe wingu.

Lakini kuna hatari moja ambayo ni ya pwani zaidi kuliko ya Hollywood, nayo ni ya jina la mtu. Mwaka 1958 Len Lye alitoa Free Radicals, mistari iliyokwanguliwa kwa ncha kali juu ya mkanda mweusi, nayo ni kazi inayostahili sifa zote ilizopewa. Inacheza kwa ngoma za Wabagirmi wa Chad. Mkwanguaji anajulikana kwa jina lake. Wapigaji wametajwa kwa kabila lao. Kanga nayo ina historia hiyo hiyo. Kwenye doti maarufu za Mombasa husomwa alama ya mfanyabiashara, ile ya Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa Mali ya Abdulla. Haisomwi alama ya mkono uliochora. Almuradi, mwenye duka ana jina, mvaaji ana jina, hata nguo ina jina. Mchoraji hana.

Hili ndilo lililo hatarini. Siku pambo la kanga litakapoingia kwenye skrini kuwa filamu, na hapana shaka litaingia, swali la mali ya nani halitajibiwa kwa kusema kwamba ni urithi wa wote. Kauli ya "urithi wa wote" imekwisha kutumika mara nyingi kumaanisha "bure kwa atakayewahi". Inafaa maduka ya Mtaa wa Uhuru yahesabiwe mapema kuwa maktaba, na mafundi waliobaki wa michoro ya kanga wahesabiwe kuwa watunzi, wenye diwani zao, mitindo yao na wanafunzi wao, kama wahesabiwavyo malenga. Uhakiki una wajibu hapo. Umekuwa ukiyasoma majina ya kanga kwa zaidi ya miongo miwili, na sasa una deni la kuisoma miji yake: kusema huu ni mtindo wa nani, ulianza lini, umevunja kanuni ipi, umefaulu wapi na umechusha wapi.

Filamu itakayotoka humo haitahitaji kumfunza mtu kuhesabu, wala kueleza asili ya shingo ya twiga. Itatosha iwe na mapigo yake, pindo lake na kituo chake. Na mtazamaji wa pwani akiulizwa inahusu nini, ana haki ya kujibu kama ambavyo amekuwa akijibu dukani siku zote: inahusu kwamba imekaa sawa.